Amri za boti kwa anotesheni za Java

Boti (programu inayojibu ujumbe kwenye gumzo) yenye amri tatu haihitaji anotesheni, yaani lebo ya Java inayobandikwa juu ya methodi. Iandikie switch yake, mambo yaishe. Amri zikizidi kumi, switch inakuwa msitu, na maelezo ya !msaada (amri inayoorodhesha amri zote) hupitwa na wakati kwa sababu yako kwenye faili lingine. Mimi hapo huweka jina na maelezo juu ya methodi yenyewe.

```java
@Retention(RetentionPolicy.RUNTIME)
@Target(ElementType.METHOD)
public @interface Amri {
    String jina();
    String maelezo() default "";
}
```

Mstari wa kwanza usiuruke. Usipouandika, Java huchukua CLASS: anotesheni inaingia kwenye faili la .class, lakini programu ikishawaka haionekani tena. Kompaila halalamiki, boti inawaka vizuri, ila ukiiita haijibu kitu. Ukikutana na ukimya wa namna hiyo, kagua hapa kwanza kabla hujaanza kuishuku tokeni (ufunguo wa boti wa kuingilia kwenye huduma ya gumzo).

Amri yenyewe ni methodi ya kawaida:

```java
@Amri(jina = "saa", maelezo = "Hutaja saa ya sasa")
public String saa(String hoja) {
    return LocalTime.now().toString();
}
```

Zikusanye mara moja tu, boti inapowaka, uziweke kwenye Map<String, Method> iitwayo amri (kitu ni objekti yenye methodi zako):

```java
for (Method m : kitu.getClass().getMethods()) {
    Amri a = m.getAnnotation(Amri.class);
    if (a == null) continue;
    if (amri.putIfAbsent(a.jina(), m) != null)
        throw new IllegalStateException("Jina limerudiwa: " + a.jina());
}
```

Kwa nini nisitumie put tu? Kwa sababu getMethods haiahidi mpangilio wowote. Amri mbili zikigongana jina, leo inaweza kushinda hii, kesho ile, na hitilafu ya aina hiyo inachosha kuisaka. Afadhali boti igome kuwaka. Kumbuka pia kwamba getMethods huleta methodi za public peke yake.

Ujumbe ukiingia, puuza uliotumwa na boti, ikiwemo yako. Ondoa alama ya !, kata kwa split("\\s+", 2), jina ulipitishe kwenye toLowerCase(Locale.ROOT), utafute methodi yake m kwenye Map (hoja ni kipande kilichobaki), kisha:

```java
try {
    jibu((String) m.invoke(kitu, hoja));
} catch (InvocationTargetException e) {
    logi.error("Amri imefeli", e.getCause());
    jibu("Samahani, amri hiyo imekwama.");
}
```

Ni getCause ndiyo yenye kisa halisi. Hiyo e yenyewe ni bahasha tu. IllegalAccessException nayo ishike, kompaila atakudai. Na !msaada? Izungukie Map, uchapishe jina() na maelezo() ya kila methodi.