Somo: Kuondoa mvumo unapofunga Bluetooth kwenye redio ya gari

Magari mengi yaliyotumika yanayotufikia kutoka Japani huja na redio za FM za megahezi 76 hadi 90, ilhali stesheni zetu zinarusha kati ya 87.5 na 108. Wenye magari wengi hufunga kipokezi cha Bluetooth kwenye tundu la AUX kuliko kubadilisha redio nzima. Sauti huwa safi mpaka injini iwashwe, ndipo mluzi unapoanza kupanda na kushuka kila unapokanyaga mafuta. Nasisitiza jambo moja: usinunue kichujio chochote kabla hujajua kelele inapita wapi, kwa sababu hapo ndipo fedha za wengi hupotea bure.

Hatua ya kwanza: sikiliza. Mluzi unaofuata kasi ya injini chanzo chake ni altaneta, ambayo huzalisha umeme wa fezi tatu unaonyooshwa na daiodi, na mawimbi madogo hubaki ndani yake. Mlio wa kugongagonga unaoongezeka kasi pamoja na injini hutoka kwenye mfumo wa plagi. Mikwaruzo inayosikika hata injini ikiwa imezimwa, hasa simu inapoanza kutuma muziki, hutoka kwenye kipokezi chenyewe.

Hatua ya pili: jaribio la pawabanki. Hili ndilo jaribio lenye thamani kuliko yote. Acha waya wa AUX mahali pake, lakini chomoa kipokezi kwenye umeme wa gari na ukilishe kwa pawabanki isiyogusana na gari popote, kisha washa injini. Mluzi ukitoweka, umepata jibu: kipokezi kilikuwa na njia mbili za ethi (muungano wa hasi na bodi ya gari), yaani mzunguko wa ethi, moja kupitia waya wa umeme na nyingine kupitia wavu unaozunguka waya wa sauti, na kwa kuwa sehemu hizo mbili za bodi ya gari zinatofautiana kidogo kwa volti, mkondo ulipita kwenye wavu huo na amplifaya ikaukuza pamoja na muziki.

Hatua ya tatu: ethi. Fungia ethi ya kipokezi pale pale ilipofungwa ethi ya redio, si kwenye skrubu yoyote iliyo karibu. Kwangua rangi na kutu kwa msasa mpaka chuma king'ae. Halafu, injini ikiwa inaunguruma na taa kubwa zimewaka, weka ncha moja ya multimita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ethi ya redio. Ukisoma zaidi ya volti 0.1, kuna muungano mbovu njiani, na ni heri uurekebishe kabla ya kuendelea.

Hatua ya nne: umeme wa kipokezi. Chaja za bei rahisi hukatakata umeme kwa kasi kubwa ili kushusha volti, na ukataji huo huingia kwenye sauti. Tumia 7805, yaani kidhibiti kinachoshusha umeme hadi volti 5 bila kuukatakata, yenye kapasita ya mikrofaradi 0.33 upande wa kuingia na 0.1 upande wa kutoka. Kwa kuwa altaneta hupandisha umeme hadi takriban volti 14.4, kipokezi kinachotumia ampea 0.1 kitaifanya 7805 ipoteze karibu wati 1 kama joto, kwa hiyo ifunge kwenye kipande cha alumini. Weka fyuzi ya ampea 1 karibu na unapochukulia umeme.

Mluzi ukibaki, ongeza B0505S-1W, kitenganishi cha umeme wa volti 5, baada ya 7805. Kifaa hiki hupitisha umeme kupitia trasfoma ndogo ndani yake, hivyo hasi ya kuingia na hasi ya kutoka hazigusani. Hasi ya kutoka iende kwenye kipokezi tu. Ukiigusisha na bodi ya gari, mzunguko ule ule wa ethi unarudi.

Hatua ya tano: njia ya waya. Waya wa sauti usilale sambamba na waya mkubwa wa umeme. Pasipo budi, uvuke kwa pembe mraba.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mwalimu, nilifunga kitenganishi cha trasfoma kwenye waya wa AUX. Mluzi umekwisha, lakini besi imepungua. Tatizo ni nini?*

Jibu: Trasfoma ndogo za namna hiyo hushindwa kubeba masafa ya chini. Kiondoe, kisha utenganishe upande wa umeme kwa B0505S. Muziki wako hautaguswa.

*Swali: Je, kifaa kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti na kurusha FM kina tatizo hili?*

Jibu: Hakina waya wa sauti, kwa hiyo mzunguko wa ethi haupo. Hata hivyo sauti yake ni hafifu kuliko ya AUX, na kwa redio ya Japani itakubidi uchague masafa yaliyo chini ya 90 yasiyo na stesheni.

*Swali: Nimetumia pawabanki na mluzi umebaki. Nimechomoa hata AUX, bado upo.*

Jibu: Basi ndugu, kipokezi hakihusiki. Kama una amplifaya kwenye buti, anza na ethi yake, kisha chomoa waya za sauti zinazotoka kwenye redio. Mluzi ukikatika hapo, tatizo liko kwenye redio au njia ya waya hizo. Usipokatika, liko kwenye amplifaya au umeme wake.