Somo: Kuseti taimingi ya pampu ya dizeli, injini ya silinda sita

Swali hili limeulizwa mno, na majibu ya nusunusu yanaua injini za watu. Naliweka lote hapa. Taimingi ni wakati pampu inapoanza kusukuma dizeli kwenda silinda. Akiuliza mwenzako, mwelekeze huku. Linahusu pampu ya mstari (vipampu vya silinda zote vimepangwa safu moja), zile za Fuso, Isuzu na Scania za zamani. Komon reli, mfumo wa dizeli wa kielektroniki, haina kazi hii, huko kompyuta ndiyo inayopanga.

1. Zima injini, toa waya wa betri, weka vigingi kwenye matairi, gia iwe nyutro.

2. Osha pampu kwa dizeli safi. Chora alama kwenye flanji yake upate pa kurudi.

3. Fungua kava ya roka (vyuma vinavyosukuma valvu), zungusha krenki (shafti kuu ya injini) kwa spana kufuata mzunguko wa injini mpaka pistoni namba moja ifike juu kwenye komprisheni (kubana hewa). Hapa ndipo wengi wanapotea. Pistoni ya moja na ya sita hupanda pamoja, kwa hiyo alama ya flaiwili (gurudumu zito la krenki) peke yake haikuhakikishii kitu. Shika roka za namba moja: zote mbili zicheze. Angalia namba sita: valvu ya egzosti (kutoa moshi) inafunga, ya inteki (kuingiza hewa) inaanza kufungua. Ukikuta kinyume, zungusha krenki mzunguko mmoja kamili. Ukifunga pampu kwenye alama ya uongo, dizeli inapulizwa wakati wa kutoa moshi. Injini haitawaka, itatema moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, nawe utaanza kununua nozo (vinyunyizio vya dizeli) usizozihitaji.

4. Rudisha krenki nyuma kama robo mzunguko. Kwenye pampu, fungua bomba namba moja, toa delivari valvu (ya kutolea dizeli) na springi yake, rudisha kofia, funga kibomba kilichopinda. Valvu hiyo imesagwa na kiti chake, usiichanganye na ya namba nyingine.

5. Kizimio (wenzo wa kukata dizeli) kisiwe kwenye kuzima. Mwenzako apige hendi pampu (pampu ndogo ya mkono), wewe zungusha krenki taratibu. Mtiririko utageuka matone, kisha ukate. Hapo ndipo pampu inaanza kusukuma. Soma digrii kwenye flaiwili, linganisha na plati (kibati cha vipimo) au kitabu cha injini. Ukipitiliza, rudi mbali uje upya, la sivyo mchezo wa meno ya gia utakudanganya.

6. Legeza bomba zote, kisha nati za flanji. Kuzungusha pampu kinyume na shafti yake kunawahisha, kuifuatisha kunachelewesha. Pima tena, kaza, rudisha valvu, toa upepo kwenye njia ya dizeli.

Maswali

*Fuso yangu inatoa moshi mweusi, nisogeze pampu upande gani?*
Usisogeze. Anza na filta ya hewa, nozo na paipu za tabo.

*Mkuu, maelezo marefu, nipe digrii tu.*
Injini hukuitaja. Soma plati yake.

*Nimesogeza pampu kidogo tu, alama ya flaiwili ikaruka sana. Kwa nini?*
Umeangalia vizuri. Krenki inazunguka mara mbili pampu ikizunguka mara moja, kwa hiyo digrii moja ya pampu ni mbili za krenki. Sogeza kidogo sana kila safari. Na kama namba moja iko sawa lakini injini bado inagonga, fuata mpangilio wa kuwaka kwa silinda, 1-5-3-6-2-4, upime na nyingine. Zikitofautiana, hiyo ni kazi ya fundi pampu kwenye benchi.

*Fundi wetu anawahisha kwa sikio, na lori linapata nguvu kweli. Kuna ubaya?*
Upo. Dizeli inalipuka pistoni ikiwa bado inapanda, mzigo wote unaangukia pistoni, beringi na gasketi ya silinda hedi. Mlimani utaonekana.

*Nikitafuta bomba linalovuja, naziba kwa kidole?*
Kamwe! Presha ya nozo inapenyeza dizeli ndani ya ngozi. Pitisha kipande cha katoni. Na ukiona katundu kidoleni, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama hakaumi.