Ukaazi wa kudumu Kanada kupitia mwajiri: njia ya majimbo ya Atlantiki, hatua kwa hatua

New Brunswick, Nova Scotia, Prince Edward Island na Newfoundland na Labrador ni majimbo manne ya pwani ya mashariki mwa Kanada. Yana wazee wengi na vijana wachache, kwa hiyo waajiri wake huruhusiwa kutafuta watu nje kupitia Programu ya Uhamiaji ya Atlantiki, kwa kifupi AIP. Ilianza kwa majaribio mwaka 2017, ikawa ya kudumu Januari 2022. Mwajiri anakupa ofa, jimbo linaiidhinisha, kisha serikali kuu kupitia idara ya uhamiaji, IRCC, inaamua kama utapata ukaazi wa kudumu. Mwajiri hahitaji LMIA, ile tathmini ya soko la ajira ambayo kwa njia za kawaida humgharimu dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi na miezi ya kungoja.

Wengi huanzia katikati. Wanalipia mtihani wa Kiingereza, wanalipia tathmini ya vyeti, wengine wanamlipa na wakala, halafu wanagundua kazi waliyoahidiwa haimo kabisa kwenye programu. Fuata mpangilio huu, hela isitoke kabla hujajua kama kazi yako imo.

Hatua ya 1: Jua namba ya kazi yako

Kila kazi Kanada ina namba ya tarakimu 5 katika orodha ya taifa iitwayo NOC. Tazama tarakimu ya pili. Hiyo ndiyo daraja la kazi, linaloitwa TEER, kuanzia 0 hadi 5. AIP inapokea daraja la 0 hadi la 4. La 5 halipokelewi, hata mwajiri akupende vipi.

Dereva wa lori ni 73300, daraja la 3. Mpishi ni 63200, la 3 pia. Msaidizi wa wauguzi ni 33102, la 3. Anayehudumia wazee na wagonjwa majumbani ni 44101, daraja la 4. Sasa angalia zinazokataliwa: msaidizi wa jikoni ni 65201, mfanya usafi wa kawaida ni 65310, kibarua wa kiwanda cha samaki ni 95107. Zote ni daraja la 5. Hapa ndipo matangazo mengi ya mitandaoni yanapowanasa watu, kwa sababu kazi za samaki na usafi ndizo zinazotangazwa sana. Za samaki zina kasoro ya pili: nyingi ni za msimu, na kazi ya msimu haikubaliki katika AIP.

Usiangalie jina la cheo, soma majukumu. Ofa inaweza kukuita "msimamizi" wakati majukumu yaliyoandikwa ni ya kuosha vyombo. Afisa atafuata majukumu.

Kuna kanuni nyingine ambayo wenye shahada huikwaa: ofa isiwe ya daraja la chini kuliko uzoefu unaoutegemea. Mhasibu (11100, daraja la 1) hawezi kutumia uzoefu wake wa uhasibu kupokea ofa ya kuhudumia wazee majumbani. Labda awe pia na saa za kutosha za kazi ya daraja la 4 ndani ya miaka 5 iliyopita. Msamaha uliopo ni wa wauguzi. Muuguzi aliyesajiliwa (31301) au muuguzi wa ngazi ya licensed practical nurse (32101) anaweza kutumia uzoefu wake kwa ofa ya 33102 au 44101. Kwa muuguzi wa Kenya, Tanzania au Uganda ambaye bado hana leseni ya Kanada, huu ni mwanya halali na ni mzuri, ingawa ataanza chini ya taaluma yake.

Hatua ya 2: Hesabu saa 1,560

Hizo ni saa 30 kwa wiki kwa wiki 52. Ziwe za kazi ya mshahara, ndani ya miaka 5 iliyopita, na zikusanywe katika muda usiopungua miezi 12. Ukifanya kazi saa 60 kwa wiki hufupishi mwaka ukawa miezi sita. Kazi ya kujitolea haihesabiwi, wala mafunzo yasiyo na mshahara, wala kazi ya kujiajiri. Kwa hiyo mwenye mgahawa wake Mwanza aliyepika miaka kumi hana hata saa moja hapa, na mpishi aliyemwajiri anazo zote.

Waliohitimu vyuo vya umma ndani ya majimbo hayo manne, kwa masomo ya miaka 2 au zaidi, na waliishi huko angalau miezi 16 katika miaka 2 kabla ya kuhitimu, hawadaiwi saa hizi.

Uthibitisho ni barua ya mwajiri. Zile barua zetu za "alikuwa mfanyakazi mwaminifu na mchapakazi, tunamtakia kila la heri" hazifai. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo, iwe na tarehe ya kuanza na kumaliza, saa kwa wiki, mshahara, cheo, majukumu, na jina, saini na mawasiliano ya aliyeandika. Majukumu yaandikwe kwa maneno ya kazi yenyewe. Wapo wanaonakili majukumu ya NOC neno kwa neno, na maafisa wameshaona barua hizo hizo mara elfu. Kampuni ikiwa imefungwa, tafuta hati za mshahara, taarifa ya michango ya NSSF, na taarifa ya benki inayoonyesha mshahara ukiingia, ziambatane na maelezo yako.

Hatua ya 3: Lugha, kisha elimu

Daraja la 0 hadi 3 linataka kiwango cha CLB 5; CLB ni kipimo cha Kanada cha uwezo wa lugha. Daraja la 4 linataka CLB 4. Kwa IELTS, CLB 5 ni kusikiliza 5.0, kusoma 4.0, kuandika 5.0, kuzungumza 5.0. CLB 4 ni 4.5, 3.5, 4.0 na 4.0 kwa mpangilio huo huo. Hakuna wastani. Ukianguka kipengele kimoja umeanguka. Mtihani uwe wa General Training. Aliyefanya ule wa Academic kwa ajili ya chuo atalipa upya. CELPIP General na PTE Core nazo zinakubalika. Matokeo yawe hayajafikisha miaka 2 siku unayowasilisha maombi ya ukaazi.

Ndugu wa Bukavu, Lubumbashi na Bujumbura wana turufu ambayo wengi hawaitumii. Mitihani ya Kifaransa, TEF Canada na TCF Canada, hukubalika kwa viwango hivyo hivyo, na New Brunswick ndilo jimbo pekee la Kanada lenye lugha mbili rasmi. Kaskazini yake, pande za Edmundston, Bathurst na Caraquet, na Dieppe karibu na Moncton, Kifaransa ni lugha ya kazini. Waajiri huko huhangaika kupata watu, huku wenzetu wakijibana kujifunza Kiingereza ili wagombee kazi za Halifax, mji mkuu wa Nova Scotia.

Kwa elimu, kazi ya daraja la 0 au 1 inataka angalau mwaka mmoja wa masomo baada ya sekondari. Daraja la 2, 3 na 4 linataka cheti kinacholingana na sekondari ya Kanada. Dereva mwenye miaka 15 barabarani lakini aliyeishia darasa la saba anakwama hapa, na hakuna njia ya kumpitisha. Vyeti vya nje vitathminiwe na taasisi inayotambuliwa na IRCC, na uombe tathmini ya uhamiaji hasa, kwani ile ya kujiunga na chuo haipokelewi. Tathmini hiyo hudumu miaka 5.

Hatua ya 4: Mwajiri

Mwajiri lazima awe ameidhinishwa na jimbo kushiriki AIP. Kila jimbo huchapisha orodha ya waajiri hao kwenye tovuti yake. Linganisha jina la kisheria lililo kwenye ofa na lililo kwenye orodha, herufi kwa herufi, na mahali pa kazi pia. Mwajiri aliyeidhinishwa Nova Scotia hana idhini New Brunswick mpaka aiombe huko. Kampuni ambayo wewe au mwenzi wako mna hisa nyingi ndani yake haiwezi kukupa ofa.

Tafuta kazi kwenye Job Bank, tovuti ya ajira ya serikali ya Kanada, na kwenye tovuti za kampuni zenyewe ukiwa na orodha ya jimbo mkononi. Wasifu wako uwe kurasa mbili, bila picha, umri, dini wala hali ya ndoa. Taja juu kabisa namba yako ya kazi, alama za lugha na tarehe ya tathmini ya elimu. Mwajiri mdogo hataki kufundishwa sheria za uhamiaji. Anataka kuona kwamba ukipewa ofa hutamkwamisha.

Kazi hainunuliwi. Anayekutoza "ada ya ofa" anavunja sheria, iwe ni mwajiri mwenyewe au wakala wa Nairobi anayesema ana watu wake ndani. Mshauri wa uhamiaji unayemlipa lazima awe kwenye daftari la chombo kinachowasajili, CICC, au awe wakili wa Kanada. Tafuta jina lake humo kabla hujampa chochote. Na ukiwasilisha barua bandia aliyokutengenezea, adhabu ya kufungiwa miaka 5 inakuangukia wewe.

Hatua ya 5: Ofa, mpango wa makazi, idhini ya jimbo

Ofa iwe ya muda wote, yaani saa 30 au zaidi kwa wiki. Kwa daraja la 0 hadi 3 iwe ya angalau mwaka mmoja tangu utakapopata ukaazi. Kwa daraja la 4 isiwe na tarehe ya mwisho.

Kisha wasiliana na shirika la huduma kwa wahamiaji linalotambuliwa na programu. Watakuhoji wewe na familia kuhusu shule, nyumba, usafiri na afya, halafu watakuandikia mpango wa makazi. Ni bure. Usiuchukulie kama karatasi ya kujaza tu, maana bila huo mwajiri hawezi kuomba idhini.

Mwajiri ndiye anayepeleka kila kitu jimboni. Hapa pamekuwa pagumu. Mwaka 2025 serikali kuu ilipunguza nafasi za wahamiaji, na majimbo yakaanza kuchagua: Newfoundland na Labrador, kwa mfano, ilianza Februari 2025 kutaka kwanza maombi ya kuonyesha nia, kisha inaalika inaowataka. Afya na ujenzi hupewa kipaumbele kuliko hoteli na migahawa. Muulize mwajiri wazi kama sekta yake bado inapokelewa mwaka huu.

Idhini ikipatikana utapewa cheti chenye tarehe ya mwisho. Maombi ya ukaazi yaingie kabla ya tarehe hiyo.

Hatua ya 6: Maombi ya ukaazi

Unayajaza kwenye mfumo wa mtandaoni wa IRCC. Fomu za kawaida ni IMM 0008, IMM 5669, IMM 5406 na IMM 5562. Ya 5669 ndiyo inayowarudisha wengi: inataka historia ya miaka 10 bila pengo. Miezi uliyokaa nyumbani bila kazi iandike hivyo hivyo.

Taja watoto wote. Wote. Aliyezaliwa nje ya ndoa, anayekaa kwa bibi, ambaye hutasafiri naye. Mtoto asiyetajwa na asiyepimwa wakati wa maombi hutolewa na kanuni ya 117 katika watu unaoweza kuwadhamini baadaye kama familia. Kuna watu walificha ili kuepusha maneno nyumbani, na mtoto akabaki. Mtegemezi ni aliye chini ya miaka 22 na hajaoa wala kuolewa. Mtoto wa dada yako unayemlea si mtegemezi wako mpaka pawe na hati za kumwasili kisheria.

Cheti cha polisi kinatakiwa kwa kila nchi uliyoishi miezi 6 mfululizo au zaidi katika miaka 10 iliyopita, tangu ulipofikisha miaka 18. Kenya huombwa kupitia eCitizen. Waliofanya kazi Oman, Qatar au Saudia waanze mapema sana, kwa sababu kukipata ukiwa umeshaondoka huhitaji alama za vidole na ubalozi, na huchukua muda. Aliye bado huko akichukue kabla ya kupanda ndege.

Ikiwa hufanyi kazi ndani ya Kanada kwa kibali halali, utaonyesha fedha za kujikimu kulingana na ukubwa wa familia; kiasi hubadilika kila mwaka. Ziwe fedha unazoweza kuzitoa leo. Kiwanja hakihesabiwi. Hisa za SACCO zisizotoka mpaka ujiuzulu zitakuletea maswali, na milioni zilizoingia wiki iliyopita kutoka kwa M-Pesa za watu kumi huonekana kama mkopo. Barua ya benki itaje madeni yako na wastani wa salio la miezi 6.

Ada kwa viwango vya Aprili 2024 zilikuwa dola 950 za kushughulikia maombi na 575 za haki ya ukaazi kwa kila mtu mzima, na 260 kwa mtoto. Alama za vidole zilikuwa 85 kwa mtu mmoja, 170 kwa familia. Mume, mke na watoto wawili: 1,525 mara mbili, ongeza 520, ongeza 170, jumla dola 3,740. Ada hupandishwa kila baada ya miaka 2, kwa hiyo angalia kiwango siku unayolipa. Vipimo vya afya hufanywa na daktari aliyeidhinishwa tu, na matokeo hudumu miezi 12.

Hatua ya 7: Kibali cha kazi ukisubiri

Maombi ya ukaazi yanaweza kuchukua mwaka, na mara nyingi zaidi. Mwajiri akikuhitaji mapema, jimbo hutoa barua ya rufaa, yaani ya kukupendekeza kwa IRCC, naye mwajiri huingiza ofa kwenye mfumo wa waajiri wa IRCC na kulipa dola 230. Hiyo ni ada yake, asikukate mshahara. Wewe unalipa 155 za kibali, na unaahidi kuwasilisha maombi ya ukaazi ndani ya siku 90.

Kibali hicho kimefungwa kwa mwajiri huyo mmoja. Ukiacha kazi au ukiachishwa kabla ya ukaazi kutoka, idhini ya jimbo hupoteza mguu iliosimamia: utahitaji mwajiri mwingine aliyeidhinishwa, ofa mpya na idhini mpya. Toa taarifa kwa jimbo na IRCC mara moja. Na mwajiri akikunyanyasa, kuna kibali cha wazi kwa wafanyakazi walio hatarini, kisicho na ada. Kusanya ujumbe, hati za mshahara na picha kabla hujatoka kwenye nyumba aliyokupangishia.