Somo: Kutoka herufi za DNA hadi protini, kwa kufuata jeni moja ya hemoglobini

Wanafunzi wengi hukariri kwamba DNA hutoa RNA na RNA hutoa protini, kisha mtihani ukishapita hubaki na majina matupu. Katika somo hili nimechagua kufuata jeni moja tu, ile ya mnyororo wa beta wa hemoglobini, yaani protini ya seli nyekundu inayoshika oksijeni, kuanzia herufi zake ndani ya kiini cha seli hadi kwenye damu inayosafirisha oksijeni mwilini. Nimeichagua kwa sababu badiliko la herufi moja ndani yake ndilo linalosababisha selimundu, ugonjwa ambao familia nyingi za Afrika Mashariki zinaufahamu kwa uchungu, na sioni njia bora zaidi ya kuonyesha kwamba mfuatano wa herufi hizo ndio wenye maana. Andaa karatasi na kalamu, kwani kuna mahali utahitaji kuandika mwenyewe.

Hatua ya kwanza: Ijue DNA na mahali ilipo jeni yetu

DNA ni molekuli ndefu yenye nyuzi mbili zilizosokotana. Uti wa kila uzi umejengwa kwa sukari na fosfeti zinazopokezana, na kwenye kila sukari imepachikwa besi moja kati ya nne: adenini, thimini, guanini na sitosini, ambazo huandikwa A, T, G na C. Daima A hukabiliana na T, na G hukabiliana na C, kwa hiyo ukiujua mpangilio wa uzi mmoja umekwisha kuujua na wa pili. Umbo hili lilielezwa mwaka 1953 na James Watson na Francis Crick, na ni haki Rosalind Franklin atajwe pamoja nao, kwa sababu matokeo ya eksirei ya kazi yake pale King's College, London, yalikuwa sehemu muhimu ya ushahidi walioutegemea.

Seti moja ya kromosomu 23 za binadamu, yaani vifurushi vya DNA, ina herufi zipatazo bilioni 3, nasi tuna seti mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Jeni yetu, iitwayo HBB, iko kwenye kromosomu namba 11, na urefu wake ni herufi zipatazo 1,600 tu.

Hatua ya pili: Inakili jeni iwe RNA

DNA haitoki ndani ya kiini, ilhali protini hutengenezwa nje yake. Ni kama jalada la masjala lisiloruhusiwa kutoka ofisini: anayelihitaji hunakili ukurasa unaomhusu na kuondoka na nakala. Kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi hushika mwanzo wa jeni, huachanisha nyuzi mbili kwa sehemu fupi, kisha husoma uzi mmoja, ambao ndio kiolezo, na kuunganisha herufi za RNA zinazokabiliana nao. RNA haina T. Mahali pake hutumika urasili, yaani U.

Andika kiolezo hiki, kisha jaribu kutoa nakala yake kabla ya kutazama mstari wa pili:

TAC CAC GTA GAC TGA GGA CTC CTC
AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG

Huo ndio mwanzo halisi wa sehemu ya HBB inayosomwa kuwa protini. Kabla nakala haijatoka kwenye kiini, vipande viwili vya kati visivyobeba maelezo ya protini, ambavyo ni introni, hukatwa, na vile vitatu vinavyobaki huungwa. Wengi huliruka jambo hili wakidhani ni dogo, lakini zipo aina za thalasemia, ugonjwa wa upungufu wa hemoglobini, zinazotokana na ukataji uliokosewa mahali hapa.

Hatua ya tatu: Soma herufi tatu tatu

Herufi nne zikipangwa tatu tatu hutoa michanganyiko 64, na kila mmoja huitwa kodoni. Kodoni 61 hutaja asidi amino, yaani vipande vinavyounganishwa kuwa protini, na tatu, yaani UAA, UAG na UGA, huamuru kazi isimame. Mwaka 1961, nchini Marekani, Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitengeneza RNA yenye herufi U pekee, wakaitia katika mchanganyiko uliotolewa ndani ya seli za bakteria, wakapata mnyororo wa asidi amino ya fenilalanini pekee. Hivyo UUU ikawa kodoni ya kwanza kufahamika maana yake, na kila nikilifundisha jaribio hili hustaajabia jinsi swali kubwa lilivyojibiwa kwa njia iliyo wazi namna hiyo.

Anayesoma ni ribosomu, mtambo mdogo wa seli unaojenga protini. Huanzia kwenye AUG, na kwa kila kodoni hupokea RNA chukuzi yenye herufi tatu zinazokabiliana na kodoni hiyo upande mmoja, na asidi amino yake upande mwingine. Nakala yako inasomeka hivi: methionini, valini, histidini, lusini, threonini, prolini, asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki. Usomaji huendelea hadi UAA. Methionini ya mwanzo huondolewa baadaye, na mnyororo uliokamilika hubaki na asidi amino 146.

Hatua ya nne: Mnyororo ukunjwe

Mnyororo hujikunja kulingana na tabia za asidi amino zake. Minyororo miwili ya beta huungana na miwili ya alfa, kila mmoja ukibeba kipande kiitwacho hemu chenye chuma kinachoshika oksijeni. Hiyo ndiyo hemoglobini.

Hatua ya tano: Badili herufi moja uone

Rudi kwenye nakala yako, na ile GAG ya kwanza uiandike GUG. Sasa ribosomu itaweka valini mahali pa asidi ya glutamiki. Asidi ya glutamiki ina chaji hasi na hupatana na maji. Valini huyakwepa maji. Hemoglobini hiyo inapoachia oksijeni, valini hujibandika kwenye sehemu ya hemoglobini jirani ambayo nayo huyakwepa maji, na zikishikana nyingi hufanya nyuzi ngumu zinazoipinda seli nyekundu. Seli zilizopindika huziba mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali yanapotokea. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, na ndiyo sababu mgonjwa hupungukiwa damu.

Maswali ya wanachama

*Mwanafunzi wa kidato cha sita: Shikamoo mwalimu. Seli nyekundu haina kiini. Hemoglobini yake inatoka wapi?*

Marahaba. Hutengenezwa kwenye uboho, wakati seli changa ingali na kiini na ribosomu. Kiini hutolewa kabla seli haijaingia kwenye mzunguko wa damu, na ribosomu hutoweka muda mfupi baadaye. Seli iliyokomaa haiwezi tena kutengeneza protini.

*Mwanachama: Je, kila badiliko la herufi huleta ugonjwa?*

Hapana. Kama GAG hiyohiyo ingegeuka kuwa GAA, isingebadili chochote kwenye protini, kwa sababu kodoni zote mbili hutaja asidi ya glutamiki. Ikigeuka kuwa AAG huleta lisini, na hapo hupatikana hemoglobini C, inayoonekana zaidi Afrika Magharibi.

*Mzazi: Mwanangu alizaliwa na afya njema, dalili zikaanza alipokaribia nusu mwaka. Kwa nini hazikuonekana mapema?*

Pole sana, mama. Mtoto aliye tumboni hutumia hemoglobini yenye minyororo ya gama, inayotokana na jeni nyingine, na jeni hizo hazina kasoro hii. Baada ya kuzaliwa uzalishaji wa gama hupungua na wa beta huongezeka, kwa hiyo athari huonekana kadiri miezi inavyopita. Si chakula ulichompa, wala si jambo ulilolitenda. Mtoto huugua selimundu ya aina hii akirithi nakala ya jeni yenye badiliko kutoka kwa wazazi wote wawili, na wazazi wenye nakala moja moja wana uwezekano wa 1 kati ya 4 katika kila mimba.

*Mwanachama: Kwa nini badiliko hili limeenea sana kwetu?*

Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 akachapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wenye nakala moja tu wana kinga fulani dhidi ya malaria. Palipo na malaria nyingi, watu hao waliishi na kuzaa zaidi, na herufi hiyo ikadumu.

*Muuguzi: Je, herufi hiyo inaweza kurekebishwa?*

Dawa ya haidroksiyurea haigusi herufi. Huongeza hemoglobini ya gama, na wagonjwa wengi hupata nafuu. Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni iitwayo Casgevy. Hiyo nayo haiirudishi GUG kuwa GAG: hukata sehemu ya jeni ya BCL11A inayozuia gama katika seli za damu, ili gama izalishwe tena. Na kwa kuwa kinachohaririwa ni seli za uboho peke yake, aliyetibiwa bado hurithisha watoto wake nakala ileile aliyozaliwa nayo.