Jinsi ya Kuzungumzia Riwaya Ambayo Bado Unaisoma

Msomaji wa Kiswahili aliyepitia sekondari, akiulizwa kitabu anachokisoma kina nini, huanza kuhesabu dhamira, wahusika, mandhari na ujumbe. Ndivyo tulivyozoeshwa kujibu maswali ya fasihi, na baadhi yetu tuliyajibu kwa kutegemea mwongozo bila hata kuifungua riwaya yenyewe. Uhakiki wa namna hiyo una mahali pake, lakini unahitaji kitabu kilichokwisha kusomwa chote, kwa kuwa huwezi kutaja ujumbe wa kisa ambacho hujui kinaishia wapi. Kuwaeleza wenzako unavyoiona riwaya ukiwa bado katikati yake ni kazi ya aina nyingine.

Waliozoea hadithi za magazetini waliijua kazi hiyo vizuri. Hadithi ilikatwa pale pale mhusika anaposhika komeo la mlango, chini yake pakaandikwa “Itaendelea”, na hadi toleo lililofuata watu walibishana vibarazani kuhusu nani aliyekuwa nyuma ya mlango ule. Hakuna aliyekuwa na mwisho wa kisa mkononi, kwa hiyo kila mmoja alilazimika kueleza alichokisoma hadi hapo na sababu ya shaka yake. Anayesoma riwaya nzima, ambayo hakuna mhariri wa kumkatia, inambidi ajiwekee “itaendelea” yake mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa maoni yoyote, taja sura au ukurasa uliofikia. Chukua mfano wa “Vuta N'kuvute” ya Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1999. Msomaji aliye katika kurasa za mwanzo anakutana na Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa Raza, mwanamume anayelingana na baba yake kwa umri, na ana haki kabisa ya kusema kwamba anasoma riwaya ya ndoa isiyo na mapenzi. Mwenzake aliyekwisha kukutana na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Waingereza, atasema anasoma riwaya ya siasa za Zanzibar kabla ya uhuru. Wote wawili wanasema kweli, ila wasipotajiana kurasa watabishana bure, na yule wa kwanza ataondoka akidhani kwamba hakuelewa. (Nimejizuia kusema zaidi, aliyeimaliza anajua sababu.)

Maoni ya mtu aliye katikati ya kitabu husahaulika upesi, kwani kila sura mpya huifuta dhana ya sura iliyotangulia na kutufanya tuamini kwamba tulijua tangu mwanzo. Kata kipande cha karatasi kinachotosha kuwa alama ya ukurasa, na kila unapokifunga kitabu andika namba ya ukurasa, jambo lililokusimamisha, na unachodhani kitafuata. Usiandike muhtasari, kwa sababu kisa kimo kitabuni tayari na hakitakimbia. Dhana yako kuhusu kitakachofuata ndiyo yenye thamani kuliko yote, hasa ikija kuwa ya makosa, maana hapo ndipo utakapoweza kuwaonyesha wenzako jinsi mwandishi alivyokupeleka njia asiyokusudia uifuate hadi mwisho. Kama kitabu ni cha kuazima, karatasi hiyo inakuepusha pia na aibu ya kukirudisha kikiwa kimechorwachorwa pambizoni.

Unapokutana na wenzako, usiridhike kusema kwamba riwaya “imenoga”. Fungua ukurasa mmoja, usome aya moja kwa sauti, kisha ueleze neno au tendo lililokufanya usimame hapo. Kusoma kwa sauti kuna faida nyingine ambayo mimi naithamini kuliko hata maoni yenyewe: lugha ya riwaya hutamkika, na mwenye lahaja yake hujitokeza kusaidia. Neno “shoga”, kwa mfano, wanawake wa pwani huitana kwa upendo wakimaanisha rafiki wa karibu, lakini msomaji wa bara akilikuta katika mazungumzo ya wanawake wawili anaweza kulichukua kuwa tusi, na uhusiano wa wahusika hao ukampotea kwa sura nzima. Kamusi itamsaidia, bila shaka, ila atakayemsaidia zaidi ni mtu wa Unguja au Mombasa aliyekaa kando yake, kwa kuwa atamwonyesha pia sauti ambayo neno hilo hutamkiwa.

Riwaya za upelelezi zinataka tahadhari ya pekee. Katika “Mzimu wa Watu wa Kale” ya Muhammed Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa na kiko chake anachunguza mauaji, na raha yote ya msomaji imo katika kumshuku huyu na kumwachilia yule. Shiriki shaka zako kwa uhuru, ukizitolea ushahidi wa kurasa ulizokwisha kuzisoma. Mzigo mzito zaidi uko kwa aliyemaliza: asitabasamu, asigune, na hasa asiseme “ngoja ufike mbele, utaona”, kwa sababu maneno hayo machache yameshaharibu uhondo. Mwenzake atajua kwamba amekosea, na atasoma zilizobaki akitafuta kosa lake badala ya kumtafuta muuaji.

Kuna vitabu, mwishowe, vinavyotushinda, na hilo nalo ni jambo la kusemwa kwa unyoofu. “Nagona” ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1990, ni kijitabu chembamba kinachoweza kumchosha msomaji kuliko riwaya ya kurasa mia tatu, kwa kuwa kimeuacha usimulizi wa kawaida wa tukio kufuata tukio. Kusema tu kwamba ni kigumu hakumsaidii mtu. Taja ukurasa ambapo ulipotea, ueleze ulikuwa unatarajia nini hapo, kisha umwachie mwingine naye aseme alipopotelea yeye. Karatasi yangu ya kitabu hicho ina namba tatu za kurasa na alama tatu za kuuliza, na nilipoisoma mbele ya wenzangu niligundua kwamba wawili kati yao walikuwa wamekwama kwenye ukurasa ule ule.