Somo: Kuhifadhi saksafoni miezi mingi bila pedi na vibonyezo kuharibika

Mwanzoni mwa masika, hapa Tanga, nilitoka kupiga harusini usiku wa manane, nikaifungia saksafoni yangu ya tenori ndani ya kasha bila kuifuta. Nilipoifungua baada ya miezi minne, pedi ya noti ya G shapu, yaani kifuniko laini cha tundu la noti hiyo, ilikuwa imenata kwenye tundu lake, na ngozi ya pedi ya E flati ya chini ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Kosa lilikuwa langu mwenyewe, na fundi alinitoza kwa haki.

Pedi ni kitu dhaifu kuliko inavyoonekana. Chini kuna karatasi ngumu, juu yake felti, yaani kitambaa kizito cha sufu, kisha ngozi nyembamba ya mbuzi au kondoo, na yote hushikwa ndani ya kikombe cha kibonyezo kwa gundi inayolainika kwa moto, mfano wa lakiri. Ngozi ikilowa hufura, ikikauka hujikunja, na mwanya wa unene wa karatasi tu unatosha kuzifanya noti za chini zikatae kutoka. Kwa hiyo hofu yetu ya kwanza katika kuhifadhi ni unyevu unaofungiwa ndani. Vumbi ni jambo dogo.

Hatua ya kwanza ni kukausha. Toa ridi, yaani kile kijiti bapa cha kipande cha mdomoni kinachotetemeka unapopuliza, toa kipande cha mdomoni ukakioshe kwa maji ya vuguvugu, kwa kuwa yale ya moto hukibadilisha rangi, kisha chomoa shingo na uifute peke yake. Kwa mwili wenyewe, tumbukiza kizito kilichofungwa kwa uzi kwenye kitambaa cha kufutia, kupitia mdomo mpana, igeuze saksafoni hadi kizito kitokee upande wa shingo, na uvute polepole. Rudia mara mbili au tatu. Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea, kwa sababu kitambaa hakizifikii vizuri pedi ambazo kwa kawaida hukaa zimefungwa: G shapu, C shapu ya chini, E flati ya chini, za oktava na zile za vibonyezo vinavyobonyezwa kwa kiganja. Hizo ndizo huoza kwanza. Weka kipande cha karatasi ya kuchujia kahawa chini ya kila moja, bonyeza kwa upole, achia, kisha inua kibonyezo ndipo uitoe karatasi. Usiivute huku pedi imeibana, maana utakuwa unaikwaruza ngozi. Baada ya hapo acha ala kivulini, kasha likiwa wazi, kwa saa kadhaa.

Vibonyezo navyo vifutwe kwa kitambaa kikavu na laini, kwani jasho la vidole lina chumvi, na hewa ya bahari inaongeza yake. Springi za sindano ni za chuma cha pua kwa baadhi ya ala, lakini nyingi ni za chuma cha kawaida chenye rangi ya buluu, nacho hushika kutu. Usizisugue kwa kitambaa, zitakatika au zitakuchoma. Tia tone dogo la mafuta ya vibonyezo kwenye maungio kwa ncha ya sindano, na ufute yanayozidi kabla hayajafika kwenye ngozi. Mafuta ya kupikia yasitumike kabisa, kwa sababu huganda yakawa kama ulimbo. Nimeshakutana na ala iliyopakwa mafuta ya nazi.

Wakati wa kufunga, usisahau kizibo cha upande wa shingo, kwani ndicho kinacholinda mtambo wa oktava usigongwe na kupinda. Kuhusu vibanio vya kuzifunga pedi zote, mimi huvitumia safarini tu. Kwa kulaza miezi mingi naviona vina madhara, kwani pedi iliyobanwa muda mrefu huchimbika alama nzito, na kama ilibaki na unyevu hainyauki, inaoza.

Mwisho ni kasha. Lianike jua likiwa tupu, weka vifuko vya chembe za kufyonza unyevu visivyogusa ala, na uvibadilishe, maana vikishiba havifanyi kazi. Usirundike madaftari ya noti juu ya vibonyezo. Kasha likae juu ya meza au rafu, mbali na sakafu ya saruji, na kila baada ya wiki mbili lifunguliwe, vibonyezo vichezwe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama, Mombasa: Shikamoo mwalimu. Ile brashi ndefu ya manyoya, niiache ndani ya ala?

Jibu: Marahaba. Itumie kufutia, kisha itoe. Ikibaki ndani itakuwa imeyahifadhi maji palepale penye pedi.

Mwanachama, Muscat: Kiangazi hurudi Unguja, nyumba inabaki imefungwa na kiyoyozi kimezimwa. Nifanyeje, kaka?

Jibu: Ndugu yangu, joto hilo linaweza kulainisha gundi na pedi zikahama kikombeni. Iweke chumba cha ndani kisichopigwa na jua, kamwe si garini wala stoo ya juu ya paa. Ukiweza, muachie jirani anayewasha kiyoyozi.

Mwanachama, bendi ya kanisa, Moshi: Pedi zikinata sisi hupaka poda ya watoto. Kuna ubaya?

Jibu: Upo. Poda hukaa kwenye ngozi, ikachanganyika na mate, ikawa tope. Futa pedi na ukingo wa tundu kwa karatasi yenye unyevu mdogo wa maji safi, kisha karatasi kavu. Mara nyingi kinachonata ni sukari ya soda na chai, hivyo wapigaji wasukutue kabla ya kupuliza.

Mwanachama, Dar es Salaam: Nimekuta felti ina vijitundu na unga mwembamba kwenye kasha.

Jibu: Huyo ni mdudu anayekula sufu. Toa ala, fyonza vumbi lote la kasha kwa mashine, hasa kwenye kona za kitambaa, lianike siku kadhaa, na pedi zilizotobolewa zibadilishwe zote kabla ala haijarudishwa humo.