Kukagua gia oto ya pikapu kuukuu kabla hujatoa hela

Swali ninaloulizwa zaidi gereji ni moja: "Fundi, hii oto si itanisumbua?" Oto ya Hilux au Navara ya zamani si ugonjwa. Kinachoiua ni joto, pamoja na oili iliyokaa humo miaka mingi kwa sababu mtu aliambiwa haibadilishwi. Kwa hiyo ikague ikiwa baridi, kisha ikague tena ikiwa moto.

Hatua ya 1: Ikute imelala. Mwambie dalali asiiwashe kabla hujafika, na ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi kesho asubuhi. Giaboksi iliyochoka huchelewa kushika ikiwa baridi, ikishapata moto inajifanya nzima.

Hatua ya 2: Fungua rejeta, injini ikiwa bado baridi. Utashangaa kwa nini naanzia hapa. Kwenye pikapu nyingi bomba la kupoza oili ya gia hupita ndani ya rejeta. Likipasuka, maji yanaingia kwenye giaboksi na klachi za ndani zinaharibika. Nissan Navara, Frontier na Pathfinder za 2005 hadi 2010 zinajulikana kwa hilo. Ukiona ute wa pinki kama mtindi uliotiwa rangi, funga mfuniko, aga, ondoka. Usikubali hata kupunguziwa bei.

Hatua ya 3: Washa. Kanyaga breki, toka N (huru) kwenda D (mbele), halafu N kwenda R (nyuma), ukihesabu. Rudia oili ikishapata moto: kwa Toyota, hapo D inatakiwa ishike ndani ya sekunde 1.2 na R ndani ya 1.5. Ikikaa kimya halafu ikakushtua kwa kishindo, presha ya ndani ina tatizo.

Hatua ya 4: Oili. Zunguka kwanza mpaka gari ipate moto, simama pa tambarare, pitisha mkono wa gia kila mahali, rudisha P, acha injini inanguruma, ndipo uchomoe kijiti cha kupimia oili ya gia. Pangusa kwa tishu nyeupe. Nyekundu ni nzuri, kahawia ni ya kujadili bei, nyeusi yenye harufu ya kuungua ni ya kuacha. Chenga zinazometameta nazo uache.

Ila nyekundu mpya kabisa isikulevye. Mteja wangu mmoja alinunua pikapu yenye oili safi kama sharubati. Muuzaji alikuwa ameibadilisha siku hizohizo. Wiki ya pili gia ya kurudi nyuma haikushika tena. Siku hizi nikiona oili mpya nauliza risiti na sababu.

Pikapu nyingine hazina kijiti kabisa. Hizo hupimwa kwa boliti ya chini, oili ikiwa kwenye joto maalumu, hivyo lipia fundi mwenye shimo au lifti.

Hatua ya 5: Mlimani. Mzunguko wa mtaani hauonyeshi kitu. Kwa Dar mimi huenda njia ya Kisarawe, milima ya Pugu. Kanyaga mafuta taratibu: mshale wa mizunguko ukiruka juu na gari haiongezi mwendo, gia inateleza. Kwenye tambarare shika kilomita 80 kwa saa; mshale ukipanda na kushuka wenyewe huku mguu wako umetulia, toki konveta, kile kiungo cha injini na giaboksi, inashika na kuachia. Jaribu pia 4H na 4L, yaani kuvuta kwa magurudumu yote manne, kwa kasi na kwa nguvu; wauzaji hawapendi ufike huko.

Hatua ya 6: Ipime kwa kompyuta baada ya mwendo huo, si kabla. Makosa yaliyofutwa asubuhi huanza kurudi njiani.

Ukishanunua, usiioshe giaboksi kuukuu kwa mashine ya presha. Uchafu uliotulia unahamia kwenye valvu. Mwaga kwa boliti, jaza kiasi kilekile kilichotoka, tembelea wiki mbili, rudia. Na oili iwe aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, si ile ambayo duka limebakiwa nayo.